Vita vya Ndugu na Pigo la Mwisho

 

Ndugu zangu Waislamu, usiku mmoja katika darasa yetu tulikuwa tukisoma Suratul Hujurat, mahali ambapo Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuyapatanishe makundi mawili ya waumini yanapopigana, na tulizuie lile lenye kudhulumu mpaka lirejee katika amri Yake, kisha tupatanishe kwa uadilifu. Kijana mmoja akauliza: "Maalim, kwani kuna haja gani ya suluhu? Si bora wenye haki wapige pigo moja kubwa, mambo yakaisha?"

Suala hili si la kijana huyu peke yake. Ni la kila mtu aliyeingia katika ugomvi na ndugu yake. Kila upande hudhani kwamba umebakiwa na pigo moja tu, na kwamba baada yake patakuwa na amani. Basi na tuitazame tarehe ya umma wetu, tuone pigo moja laweza nini na haliwezi nini. Na tunapowataja masahaba, tuwataje kwa adabu. Hao ni watu waliotutangulia katika imani. Sisi hatukuwekwa kuwahukumu, bali tumeamrishwa kuwaombea maghfira na kuzingatia yaliyowapata.

Sayyidna Uthman (R.A.) aliuawa nyumbani kwake Madina katika mwaka wa 35 wa Hijra (656). Sayyidna Ali (R.A.) akapewa baia. Damu ya khalifa aliyeuawa kwa dhulma ikawa inadai haki, na watu wakakhitilafiana: wengine walitaka wauaji waadhibiwe mara moja, na Sayyidna Ali aliona kwamba sharti kwanza nchi itulie na neno la Waislamu liwe moja. Bibi Aisha, Talha na Zubeir (R.A.) wakaenda Basra, na huko, mwaka wa 36, vikatokea Vita vya Ngamia.

Vita hivyo, tukivipima kwa masaa, vilikwisha upesi. Zubeir aliondoka vitani, akauawa njiani; Talha alipigwa mshale akafa; na mapigano yakazidi kumzunguka ngamia aliyempanda Bibi Aisha, mpaka ngamia alipoanguka, na vita vikaanguka naye. Basra yote ikawa mkononi mwa Sayyidna Ali. Hapa kijana wetu atasema: "Si hilo nililolisema?"

Lakini tazameni alilolifanya mshindi. Sayyidna Ali alikataza aliyekimbia asifuatwe, aliyejeruhiwa asimaliziwe, na nyumba zisiingiliwe. Askari waliotamani mateka walikatazwa, wakaulizwa ni nani kati yao atakayemchukua Mama wa Waumini kuwa fungu lake, wakanyamaza. Bibi Aisha akarudishwa Madina kwa heshima, pamoja na ulinzi. Upanga uliwashinda watu wa Basra mchana mmoja; huruma ndiyo iliyowafanya wasiinuke tena kesho yake.

Hata hivyo pigo hilo halikuimaliza fitina, kwa sababu halikuigusa asili yake. Damu ya Uthman ilikuwa bado haijahukumiwa. Muawiya (R.A.), liwali wa Sham na jamaa wa aliyeuawa, alikataa kutoa baia mpaka haki hiyo itimizwe. Yakaja yale ya Siffin, penye mto wa Furati, karibu na Raqqa, mwaka wa 37 (657).

Siffin ndiyo iliyoibadilisha njia ya vita vile, nayo iliibadilisha bila ya mtu yeyote kushinda. Mwanzo ugomvi ulikuwa juu ya maji. Jeshi la Sham lilitangulia kuushika mto. Jeshi la Iraki likawaondoa hapo kwa nguvu, na baadaye Sayyidna Ali akaacha pande zote mbili zinywe. Mapigano makali yalifululiza mchana na usiku. Ammar bin Yasir (R.A.), mzee aliyesilimu tangu siku za taabu za Makka, aliuawa humo akiwa upande wa Sayyidna Ali. Jeshi la Iraki likakaribia ushindi. Ndipo watu wa Sham walipoiinua misahafu juu ya ncha za mikuki, wakataka Kitabu cha Mwenyezi Mungu kiwe hakimu.

Sayyidna Ali aliwaonya watu wake, lakini wengi kati yao walikuwa wamekwisha choka kuua jamaa zao, wakamshurutisha kusimamisha vita. Al-Ashtar, aliyekuwa amekaribia kambi ya adui, akaitwa arudi. Pande mbili zikachagua waamuzi, Abu Musa Al-Ash'ari na Amr bin Al-As. Na kabla uamuzi haujatoka, kundi moja la jeshi la Iraki likageuka, likasema kuwa kukubali waamuzi wa kibinadamu ni kufru. Hao ndio Makhawariji. Sayyidna Ali alilazimika kupigana nao Nahrawan katika mwaka wa 38, na mmoja wao ndiye aliyemuua katika Ramadhani ya mwaka wa 40 (661).

Zingatieni hapa, ndugu zangu. Jeshi la Iraki liliingia Siffin likiwa moja, likatoka mawili. Jeshi la Sham liliingia moja, likatoka moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa tafauti, wala haikuwa idadi ya waliokufa. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe siku moja yaweza kugeuza kila kitu, lakini aghlabu haigeuzi kwa wingi wa panga. Hugeuza kwa kuuvunja umoja wa upande mmoja au kuuimarisha wa mwingine.

Basi vita vilimalizwa na nini? Havikumalizwa na pigo. Sayyidna Hasan bin Ali (R.A.) alikuwa na jeshi na alikuwa na haki ya kudai, akauacha ukhalifa katika mwaka wa 41 ili damu ya Waislamu isimwagike tena, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Jamaa. Mtume (S.A.W.) alikuwa amembashiria tangu udogoni kwamba kwa ajili yake Mwenyezi Mungu atayapatanisha makundi mawili makubwa ya Waislamu. Sifa hii hakupewa kwa kushinda vita. Alipewa kwa kuviacha.

Na sisi watu wa pwani tunayo Siffin yetu. Yapata mwaka wa 1813, jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela kuipiga Lamu: Waislamu kwa Waislamu, watu wa kibla kimoja na lugha moja, waliooleana. Lamu ilishinda ushindi mkubwa. Lakini mshindi hakulala. Kwa khofu ya kisasi, Lamu iliomba himaya ya Sayyid Said bin Sultan wa Omani, naye akaleta liwali na askari. Pate nayo ikaingia chini ya mkono wake, na katika mwaka wa 1837 Mombasa ikafuata. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote wakapata bwana mmoja, asiyekuwa mmoja wao. Hilo ndilo lililonunuliwa kwa pigo la Shela.

Leo hatushiki panga. Lakini ni misikiti mingapi ambayo kamati zake zimegawanyika, kila upande ukingoja siku ya uchaguzi ili uutoe mwingine nje? Ni jamaa wangapi hawatoleani salamu kwa sababu ya kunuti, au kwa sababu ya kiwanja cha urithi? Wanaposhinda, madrasa hubaki na nusu ya watoto, na safu ya sala hubaki na pengo. Ushindi gani huo?

Kijana wetu aliuliza kwa nini tuzunguke na suluhu. Tunamjibu: suluhu si kuzunguka. Suluhu ndiyo njia, na pigo ndilo linalotuzungusha, kwani baada yake twarudi pale pale kwenye asili ya ugomvi, tukiwa wachache zaidi. Wala hatusemi kwamba haki iachwe. Aya yenyewe imetuamrisha kumzuia mwenye kudhulumu. Lakini ikaamrisha uadilifu baada ya hapo, na ikatwambia kwamba waumini ni ndugu. Basi mwenye haki na aidai haki yake kama mtu atakayesali bega kwa bega na mdaiwa wake kesho alfajiri.

Ewe Mola wetu, zipatanishe nyoyo zetu, utughufirie sisi na ndugu zetu waliotutangulia katika imani, wala usijaalie ndani ya nyoyo zetu chuki kwa walioamini. Amin.