Dunia Itazamwapo kutoka Juu: Mfano wa Turkana

Tangu William Anders aipige picha dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, tarehe 24 Desemba 1968, wanaanga wengi wameeleza tajriba moja: mipaka hutoweka, na binadamu huonekana jamii moja. Frank White, katika kitabu chake cha 1987, aliiona tajriba hiyo kuwa badiliko la kimaadili. Mhakiki wa fasihi ana sababu ya kusita, kwani anamfahamu vyema msimulizi maizi: huyaona yote, wala haguswi na lolote.

Tuchukue Turkana. Mwaka 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kwamba data za setilaiti na rada zimesaidia kugundua maji mengi chini ya ardhi, katika mabonde ya Lodwar na Lotikipi. Jicho la angani lilikuwa limeona asichokiona mchungaji afukuaye mchanga wa mto mkavu. Lakini maji ya Lotikipi yalipokuja kupimwa, yalikutwa na chumvi nyingi mno. Chumvi hiyo haikuonekana kutoka juu.

Na mipaka je? Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, ikapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Kwa mkimbizi, mpaka ndio uliomwokoa alipouvuka, na ndio uliomlazimu kuomba kibali kila alipotaka kutoka kambini. Mwanaanga asiyeuona hajaufuta.

Hatudai kwamba mwanaanga hujidanganya. Upendo wake kwa binadamu huenda ni wa kweli kabisa. Tunauliza tu iwapo upendo huo unaweza kumtambua mmoja wao, aliyesimama na mtungi wake kwenye foleni ya maji Kakuma.