Oili ya Steringi

Gari kuukuu hulalamika kabla ya kugoma. Ukikata kona kuingia stendi, usukani ukalia “wiii”, fungua boneti utazame kikopo cha oili ya steringi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Wengi wetu huongeza tu, basi! Lakini ikipungua, kuna mahali inavuja: pitisha kidole kwenye maungio ya mipira. Na usome mfuniko kwanza. Si kila oili nyekundu inafaa. Kwenye zile kilomita 50 za lami zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, tembo hapigi honi akivuka, kwa hiyo usukani uwe unatii. Fundi akisema “itafika tu Dumila”, mwambie akaze mpira kwanza.