Je, Huzuni ya Mtoto Yapimika?

Nguo hupimwa kwa wari na mchele kwa pishi. Je, huzuni ya mtoto hupimwa kwa nini? Suali hili serikali ya Marekani ililikabili. Mwaka 1993 ilieleza maana ya mtoto mwenye msukosuko mkubwa wa nafsi: ni yule ambaye maradhi yake hutambulikana na matabibu, tena yamzuia sana nyumbani, shuleni au kati ya watu. Sharti ni mawili. Moja pekee halitoshi.

Lakini tabibu hawezi kuingia kila nyumba. Ndipo katika uchunguzi wa afya wa nchi ile, mwaka 2001, wazee wakasomewa maneno 25 yaliyotungwa na tabibu Mwingereza, Robert Goodman, juu ya huzuni, hofu, ukaidi na urafiki wa mtoto. Majibu ni matatu: si kweli, kweli kidogo, kweli kabisa.

Basi mizani yenyewe ni ulimi wa mzazi. Aonaye haya akaficha, amempunja mwanawe. Kwani asiyehesabiwa hatengewi tabibu, na mficha maradhi mauti humuumbua. Tena mtoto mkorofi huonwa na kila mtu, bali aliaye kimoyomoyo hupita asionekane.

Sisi twaona kupima si kosa. Kosa ni kumtolea ushahidi mtoto tusiyemtazama. Ndugu msomaji, ukiulizwa leo habari za moyo wa mwanao, unalo la kujibu?