Pembe za Shamba na Pesa ya Inua Jamii

Katika Walawi 19 Mungu anamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka ukingoni. Kinachobaki ni cha maskini na mgeni. Angalieni vizuri: hasemi mwenye shamba afanye hivyo akijisikia, au akiguswa kwa ibada. Ni amri. Ruthu alipookota masuke kwa Boazi hakuwa ombaomba, sheria ilikuwa imeshamtengea.

Nasema haya kwa sababu msimu wa bajeti ukifika nasikia hata watu waliookoka wakisema pesa ya Inua Jamii inafundisha uvivu, heri ikatwe. Pesa gani hiyo? Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu wasio na pensheni, kwa nyumba zinazolea mayatima, na kwa watu wenye ulemavu mkali. Gawanya kwa siku 30: haifiki shilingi 67. Na imekaa hapo hapo zaidi ya miaka kumi, unga ukipanda. Sasa mzee wa miaka 75 unataka aende mjengo?

Wenye hoja hiyo hutuletea 2 Wathesalonike 3:10. Lakini pale Paulo anakemea wasiotaka kufanya kazi, si wasioweza. Hoja nzito zaidi iko 1 Timotheo 5, anapotaka watoto na wajukuu wamtunze mjane wao kwanza, kanisa lisilemewe. Hiyo naikubali kabisa, na kuna watu humu ndani wanafaa kuisoma kabla hawajaenda nyumbani Krismasi. Ila shosho anayelea wajukuu watano walioachwa na binti yake marehemu, jamaa wa kumtunza ni nani? Jamaa ni yeye. Na kapu letu la upendo, tuambiane ukweli, linatoa unga wa mwezi huu. Wa mwezi ujao hatujui.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, haikuliachia jambo hili huruma ya mtu. Inaitaka serikali itoe hifadhi ya jamii kwa wasioweza kujikimu.

Na si kukata tu. Kuchelewesha pia ni kukata. Waliosomea biashara kama mimi wanajua hela ya leo na hela ya miezi mitatu ijayo si hela moja. Malipo yakichelewa shosho anakopa dukani, tena kwa bei ya mkopo, na pesa ikiingia inaishia kwa mwenye duka. Katika Matendo 6 wajane wa Kiyunani walirukwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie na kufunga. Waliteua watu saba, wakarekebisha mgao wenyewe.

Kwa hivyo hii si siasa ya chama. Kifungu cha 221 kinailazimu kamati ya Bunge kutafuta maoni ya wananchi kabla ya makadirio ya bajeti kupitishwa. Vikao hivyo vikitangazwa twende, tuseme kiasi kisipunguzwe na malipo yaje kwa wakati. Mbunge wako pia mwandikie. Na kama jirani yako ametimiza miaka 70 na hajaandikishwa, msindikize kwa chifu na kitambulisho chake, muulize usajili unafunguliwa lini.