Nafasi ya Siku 90

Mfanyakazi anayekabidhiwa mpango wa kuboresha utendaji husoma barua mbili katika karatasi moja. Ya kwanza inasema: tumeona unapokwama, tutakusaidia, una siku 90. Ya pili haikuandikwa, lakini ndiyo inayomkosesha usingizi: tumeshaamua, tunakusanya ushahidi tu. Katika ofisi za Nairobi, ambako mpango huu hutajwa kwa herufi tatu, PIP, wengi huiamini ile ya pili na kuanza kuulizia kazi kwingine. Huenda wako sahihi. Hata hivyo, shaka yao inaibua swali: kumpa mtu nafasi ni kufanya nini hasa?

Muda peke yake si nafasi. Mahabusu anayengoja hukumu naye ana muda. Nafasi huwapo pale ambapo anayeitoa anakubali kwamba huenda amemhukumu mwenzake vibaya, na yuko tayari kuonyeshwa hivyo. Bosi aliyekwisha kufunga moyo anaweza kutoa siku 90 au 900. Atakuwa ameahirisha, basi.

Mwaka 1962 mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson alitofautisha namna mbili za kumtazama mtu. Twaweza kumchukulia kama mwenzetu, tukamkasirikia, tukamshukuru, tukamsamehe. Au twaweza kumtazama kama jambo la kushughulikiwa: la kudhibitiwa, kutibiwa, kuelekezwa. Aliyeingizwa kwenye mpango huhisi amehamishwa kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Jana aligombezwa, leo anaandikiwa, na nakala inapelekwa rasilimali watu. Kugombezwa kulikuwa na heshima yake.

Mtazamo huo una madhara yanayoonekana. Mwaka 1998 Jean-François Manzoni na Jean-Louis Barsoux walieleza jinsi bosi anavyoweza kumwangusha mfanyakazi bila kukusudia: akimshuku kuwa dhaifu, humbana; anayebanwa huacha kujiamini, hukoma kubuni mambo, hungoja kuambiwa; na bosi huona shaka yake imethibitika.

Sheria haiwezi kumlazimisha bosi aamini. Inachoweza ni kumtaka akitoe kipimo kichwani mwake na kukiweka mezani. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai mfanyakazi aelezwe sababu katika lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, kabla ya kuachishwa kwa utendaji duni. Tanzania, kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha udhaifu, atoe mwongozo au mafunzo inapobidi, kisha muda wa kutosha wa kujirekebisha. Meneja mwandamizi anaweza kunyimwa fursa hiyo, kwa hoja kwamba ujuzi wake unamwezesha kujipima mwenyewe. Wenye vyeo huenda hawalijui hilo.

Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, angemshauri mfanyakazi ajishughulishe na yaliyo mikononi mwake tu. Ushauri mzuri, ila haufiki mbali: muuzaji aliyewekewa lengo la mauzo hapangi bei, wala si yeye anayejaza ghala. Kilicho mikononi mwake ni kuuliza kabla ya kutia sahihi mpango huo, na la kwanza ni kila lengo litapimwaje. “Aonyeshe ushirikiano zaidi” ni sentensi isiyoweza kumkosoa aliyeiandika, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua imetimia lini. “Ajibu malalamiko ya wateja ndani ya saa 24” inaweza. Hata hiyo ina mtego, kwani mtu aweza kujibu upesi bila kutatua lolote. Lakini angalau watu wawili wanaweza kubishana juu yake mbele ya wa tatu.

Jambo la pili la kuuliza ni wajibu wa bosi mwenyewe: atafundisha nini, lini, na watakutana mara ngapi. Mpango unaomtaja mtu mmoja tu umeshaeleza unamwona nani kuwa tatizo. Na bosi asipotokea kwenye vikao vitatu mfululizo, mfanyakazi ana haki ya kuamini ile barua ya pili na kuanza kupanga vyeti vyake. Tarehe za vikao hivyo aziandike. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na huko ataulizwa alisaidiwaje.