Kuacha Kazi na Kuanza Nyingine

Wenzetu wa Gairo, je, ni vibaya mtu kuacha biashara yake kwa kuwa amepata wazo jipya? Leo twanunua mahindi tuyauze, kesho twafungua duka, keshokutwa twatafuta cherehani. Na mtaji waisha njiani. Njia mbili zilimshinda fisi.

Lakini tusihukumu upesi. Huko Kongwa, jirani zetu, Waingereza walianza mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947. Mvua chache na udongo mgumu viliwashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Kosa lao halikuwa kuacha, bali kuanza bila kupima.

Basi wazo jipya na lingoje mpaka kazi ya kwanza ivunwe na kuhesabiwa. Hesabu ikikataa, tuache bila haya. Lakini kuchoka si hesabu.