Rukhsa na Kiu

Miongoni mwa mas-ala ambayo fuqaha wa zamani hawakuyaandikia mlango, kwa kuwa hayakuwapo, ni hili la mtu ambaye figo zake zimekufa naye yu hai. Kwani ni tangu 1960, Belding Scribner wa Seattle alipobuni mrija wa kuachwa mkononi ili mshipa usikatwe upya kila mara, ndipo maradhi haya yaliyokuwa mauti ya karibu yalipoanza kuwa ya kuishi nayo.

Mgonjwa huyo, aendapo kuchujwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma na kwa muda wa saa nne hivi, kwanza hupandishwa mizani, na uzito uliozidi tangu safari iliyopita ndio hesabu ya maji aliyokunywa yakakosa pa kutokea. Kwa hiyo maji yake hupimwa kwa kikombe. Hunyonya kipande cha barafu pale mwenziwe angemaliza gilasi. Na dafu, ambalo sisi watu wa pwani humkirimu nalo kila mgonjwa, kwake huenda likawa sumu, kwa wingi wa potasiamu iwezayo kuusimamisha moyo.

Basi ukiandama mwezi wa Ramadhani, mtu huyu mwenye kiu ya mwaka mzima ndiye anayeambiwa ale. Sindano mbili nene za kuchujiwa damu aghalabu amekwisha kuzizoea. Hili la kuwa nje ya saumu ya wenziwe ndilo linalomlemea, hata wako wafungao kwa siri. Ilhali aya ya 184 ya Suratul Baqara imemtoa mgonjwa waziwazi, na asiyetarajia kupona, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, fidia yake ni kibaba cha chakula kwa kila siku. Wako pia wasemao kuwa kutegemea mashine ni upungufu wa tawakkul, nao, nionavyo, huwa ni watu wenye figo nzima. Mwenye kuikubali rukhsa, akakizuia kikombe chake kwa kumtii Mola wake, hakupungukiwa na ibada.

Mwenye jamaa wa namna hii, tafadhali, asimsukumie tende wakati wa futari kwa kumhurumia, wala asimuulize mbele za watu kwa nini hafungi.